Abiria wa Saa Tisa

Saa tisa usiku, Chake imelala,
hata jenereta la duka la chini limenyamaza,
na mtumishi wangu ndiyo kwanza anaamka.
Hafungui dirisha. Hana dirisha.
Ni kivinjari nilichokikata kichwa:
hakuna skrini, hakuna kishale, hakuna mwanga ukutani,
kimebaki kutembea tu, ukurasa kwa ukurasa,
kwa mistari minne niliyokiandikia:

      Fungua lango la boti,
      chagua tarehe, kiti,
      lipa, pokea risiti,
      kisha ghairi safari.

Nimemwita Kombo Jaribu.
Umri nimempa thelathini na tatu
kwa kuwa fomu haimkubali mtu asiye na umri.
Kila usiku anakata tiketi, Mkoani kwenda Unguja,
kwa pesa za kampuni zinazorudi kabla ya alfajiri.
Asubuhi nakuta alama kumi na moja za kijani,
nami nanywa chai yangu.

Mama aliniuliza, akichambua mchele:
"Sasa huyo asiye na kichwa, bismillahi anaitamkia wapi?"
Nikacheka. Nikamweleza kazi yake tu:
ajikwae yeye kwanza, watu wasijikwae.
"Aa. Basi ni kama mpishi wa Ramadhani,
anaonja chumvi kwa ncha ya ulimi.
Na ateme, mwanangu. Asimeze."

Jumanne ile alimeza.

Vijana wa ofisi walikihamisha kitufe cha kughairi
kutoka kulia kwenda kushoto, wakakipa jina jipya.
Kombo akasubiri sekunde thelathini.
Nilimwandikia: subiri mpaka kionekane.
Kionekane na nani, sikujiuliza.
Kisha akaanguka kimya, tiketi mkononi,
mkono ambao hana.
Nami nilikuwa sijamtoa kwenye seva ya watu
kumpeleka ya majaribio.
Nilisema kesho,
na kesho nikasema Jumatatu.

Boti ikaondoka na kiti namba kumi na nne kitupu,
kimeandikwa kimejaa.

Bandarini alibaki Bi Mafunda wa Kengeja
na mjukuu mwenye sikio linalotoa usaha,
barua ya hospitali imekunjwa mara nne
ndani ya mfuko wa sukari.
Karani Shaame akamgeuzia skrini:
"Imejaa, mama. Tazama mwenyewe."
Hajui kusoma. Alitazama.

Haya nimeyapata kwa Shaame, kwa simu, akicheka:
"Huyu Kombo Jaribu wenu mbona hakupanda?"

Nikaifungua picha ya mwisho
aliyoipiga Kombo kabla hajaanguka:
ukurasa mweupe, safi, kila neno mahali pake,
Safari njema, Kombo.
Hapana bandari ndani yake. Hapana sikio.
Picha haikudanganya.
Haikuulizwa, basi.

Usiku ule nilimhamisha, nikamsomesha upya,
chini ya mistari minne nikapanga minne mingine:

      Rudi tena uhakiki,
      kiti chako hukishiki,
      asije akosa haki
      mtu aliye safari.

Alama zikarudi kijani. Sasa ni kumi na mbili.
Mtoto alivuka Alhamisi, Shaame kanambia.
Sikio la kulia au la kushoto, niliona haya kuuliza.

Mama huniuliza bado, kila asubuhi,
kabla hata ya salamu: "Katema?"
"Katema, mama."
Hamwamini.
Wala mimi. Nimeweka kengele ya simu
saa tisa na dakika tano,
naamka, nakifungua kivinjari chenye kichwa,
nakitazama kile kiti
kwa macho yangu.